Kinyama Kabla ya Kisu: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya na Waziri wa TAMISEMI

Sumbawanga, Rukwa

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Afya,

Na kwako Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI),

YAH: WANAWAKE WENYE SARATANI ZA VIUNGO VYA UZAZI KUFANYIWA UPASUAJI KABLA UGONJWA WAO HAUJAJULIKANA

Waheshimiwa,

Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Nilianza kazi mwaka 1984 katika zahanati yenye kitanda kimoja cha kuzalishia, nikastaafu mwaka 2019 nikiwa katika wodi ya wanawake, na katika miaka hiyo 35 nimepokea watoto wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Barua hii inawahusu mama zao na bibi zao: wale waliorudi kwetu miaka mingi baada ya uzazi wa mwisho wakiwa na damu isiyo na mpangilio, au maji yenye harufu, au tumbo lililojaa bila mimba, na ambao mara nyingi walifika kwenye meza ya upasuaji kabla hatujajua wanaumwa nini. Mmoja wao alikuwa mdogo wangu tuliyeachiana ziwa.

Mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 52, mdogo wangu alianza kutokwa damu kila baada ya tendo la ndoa. Alikuwa ameolewa mkoa mwingine, na hospitali aliyokwenda siitaji jina, kwa sababu lililompata pale lingeweza kumpata katika hospitali nyingi za nchi hii. Alipimwa kwa altrasaundi, akaambiwa ana uvimbe kwenye kizazi, na kwamba kwa umri wake kizazi hakina kazi tena, bora kitolewe. Alinipigia simu kuniomba ushauri, nami, mkunga wa miaka 30, nikamwambia akubali. Sikumuuliza kama ameingiziwa spekulamu, kile kifaa cha kupanulia uke, na mlango wa kizazi ukaangaliwa kwa macho. Sikumuuliza kama amechukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama ya mwili cha kupimwa maabara. Kizazi kilitolewa, hakikupelekwa maabara, na baada ya siku sita akaruhusiwa kurudi nyumbani. Miezi minane baadaye damu ilirudi, safari hii pamoja na maumivu ya kiuno yaliyoshuka hadi mguuni. Kinyama kilichochukuliwa kwenye ncha ya juu ya uke kilionyesha saratani ya mlango wa kizazi, na madaktari waliompokea Dar es Salaam walitueleza kwamba kwa hali waliyoikuta, ugonjwa huo ulikuwapo siku ile ya upasuaji. Alifariki mwaka 2016.

Daktari aliyempasua alikuwa peke yake katika zamu ile, na kwa lile alilofundishwa alifanya kazi safi. Kidonda kilipona vizuri, bila usaha. Lakini alikuwa ametibu ugonjwa ambao mgonjwa wake hakuwa nao.

Naomba nieleze kwa nini jambo hili ni zito, kwa kuwa nimekutana na viongozi wenye nia njema wanaoamini kwamba kizazi chenye saratani kikishatolewa, kwa namna yoyote ile, basi na saratani imetoka. Saratani ya mlango wa kizazi hutambaa pembeni, kwenye tishu zinazokishikilia kizazi katika ubavu wa nyonga. Hushuka kwenye uke. Hufuata tezi za limfu zilizopangana kando ya mishipa mikubwa ya damu. Upasuaji wa kawaida wa kutoa kizazi, ule unaofanywa kwa ajili ya fibroidi, yaani uvimbe wa kizazi usio saratani, hupita karibu kabisa na kizazi chenyewe na kuziacha sehemu hizo zote mahali pake. Upasuaji wa saratani huondoa tishu za pembeni, sehemu ya juu ya uke na tezi, na anayeufanya hana budi kuufuatilia mrija unaoleta mkojo kutoka kwenye figo, kuuachanisha na tishu zinazouzunguka na kuusogeza kando bila kuujeruhi, kazi ambayo mtu haijui kwa kuitazama mara mbili. Tena upasuaji huo mkubwa unawafaa tu wale ambao ugonjwa wao bado ni mdogo na haujatoka nje ya mlango wa kizazi. Ukishavuka hapo, tiba yake ni mionzi ikiambatana na sisiplatini, dawa ya saratani inayotolewa kila wiki, utaratibu ambao tangu mwaka 1999 umekuwa ndio msingi wa matibabu duniani. Na sehemu moja ya tiba hiyo, ambayo wagonjwa wetu huiita mionzi ya ndani, hutolewa kwa kifaa kinachopitishwa katika mlango wa kizazi na kukaa ndani ya kizazi, ili nguvu ya mionzi iufikie uvimbe kwa karibu. Kizazi kikishatolewa, kifaa hicho hakina pa kukaa, na matumbo hushuka kuijaza nafasi iliyoachwa wazi na kukaa katika njia ya mionzi. Kwa hiyo mdogo wangu alipofika Dar es Salaam alikuta tiba iliyokuwa bora kwake imekwisha kuharibiwa na upasuaji uleule ambao sisi nyumbani tulikuwa tumeufanyia sala ya shukrani.

Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, wanawake 10,241 waliugua saratani ya mlango wa kizazi nchini Tanzania katika mwaka 2020, na 6,525 walifariki kwa ugonjwa huo. Vifo kukaribia theluthi mbili ya idadi ya wagonjwa wapya, katika saratani inayoonekana kwa macho, inayochukua miaka mingi kukomaa na inayotibika ikikamatwa mapema, ni jambo linalopaswa kuulizwa sababu yake kila mwaka bungeni.

Najua Serikali imefanya kazi kubwa katika chanjo, na nashukuru. Chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 inatolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Utafiti uliosaidia kuonyesha kwamba dozi moja inaweza kutosha ulifanyika hapahapa kwetu, Mwanza, kwa wasichana 930 waliokubali kuchomwa sindano na kutolewa damu kwa faida ya wenzao wa dunia nzima. Lakini binti aliyechanjwa mwaka huu atafika umri wa hatari baada ya miaka 20 au 30. Mama yake, ambaye hakuchanjwa na huenda kirusi kinakaa ndani yake tangu ujana, anahitaji kupimwa sasa, na akikutwa na ugonjwa anahitaji mtu anayejua kuutibu. Kwa mwanamke anayeishi na VVU haja hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa hatari yake ya kupata saratani hii ni mara sita ya mwenzake asiye na VVU.

Nimeanza na mlango wa kizazi kwa sababu ndiko wengi wanakokufa. Hata hivyo viungo vya uzazi vya mwanamke vina saratani zaidi ya moja, na kila moja ina njia yake ya kujificha na kanuni yake ya kutibiwa.

Saratani ya mfuko wa uzazi, inayoota katika ukuta wa ndani wa kizazi, huwapata zaidi waliokwisha kukoma hedhi, na dalili yake kubwa ni damu. Katika wodi yetu nilikuwa nikisikia wanawake wakisema kwa furaha kwamba hedhi imerudi, ujana umerudi. Damu inayokuja mwaka mmoja au zaidi baada ya hedhi kukoma haina uhusiano na ujana. Kati ya wanawake kumi wa namna hiyo, takriban mmoja hukutwa na saratani ya mfuko wa uzazi, na kinyama kinachochukuliwa kwa mrija mwembamba, bila hata kumlaza mgonjwa usingizi, hutosha mara nyingi kuionyesha. Ikikutwa mapema, wengi hupona kwa upasuaji peke yake. Saratani ya sehemu ya nje ya uke huanza kwa muwasho na kidonda kisichopona, na kwa sababu ya aibu hupakwa dawa za fangasi na dawa za kienyeji miezi na miezi. Hiyo nayo huonekana kwa macho, ila hakuna anayeomba kuangalia.

Saratani ya ovari, kiungo kinachotunza mayai ya mwanamke, ni ngumu kuliko hizo. Haina kipimo cha uchunguzi wa awali kinachofaa kwa wanawake wote, na dalili zake ni za tumbo: kujaa gesi, kushiba kwa matonge mawili, kwenda haja ndogo mara kwa mara, kisha maji kujaa tumboni. Katika nchi yenye kifua kikuu kama yetu, mwanamke mwenye maji tumboni anaweza kuwa na kifua kikuu cha tumbo, na kipimo cha damu cha CA-125 hupanda katika magonjwa yote mawili. Nimeshuhudia mmoja akimeza dawa za kifua kikuu kwa miezi minne huku saratani ikiendelea kukua, na mwingine akifunguliwa tumbo kwa hofu ya saratani na kukutwa na kifua kikuu. Na hapa ile kanuni ya kinyama kabla ya kisu, yaani kupima kwanza ndipo kupasua, inapata mipaka yake, jambo ambalo mimi mwenyewe nililijua kwa kuchelewa. Uvimbe wa ovari ambao bado umejifunga wenyewe haufai kutobolewa kwa sindano ili kuchukua kinyama, kwa kuwa yaliyomo ndani yakimwagika tumboni, ugonjwa uliokuwa wa hatua ya kwanza unaweza kusambaa. Unapaswa kutolewa mzima. Ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa, mpasuaji hulazimika kuondoa kila kinachoonekana, pamoja na pazia la mafuta linalofunika matumbo, kwa sababu kiasi kinachobaki ndani ndicho kinachoamua mgonjwa ataishi kwa muda gani baada ya dawa. Na mgonjwa akiwa ni msichana wa miaka 16, ambaye uvimbe wake ni wa aina ile inayotokana na chembe za mayai, inawezekana kutoa ovari moja tu, kumpa dawa, na baadaye akazaa. Nani katika hospitali ya wilaya, usiku, ana elimu ya kuamua lipi kati ya hayo?

Iko pia saratani inayotokana na mimba yenyewe, na sisi wakunga tunaifahamu kupitia mimba zabibu, mimba isiyokua kwa kawaida ambayo tishu zake huvimba kama kichala cha zabibu. Mwanamke akishasafishwa mimba zabibu, homoni ya mimba katika damu au mkojo wake inapaswa kufuatiliwa kwa miezi kadhaa mpaka itoweke, na katika kipindi hicho asishike mimba nyingine. Kwetu mara nyingi husafishwa, akapewa vidonge vya kuongeza damu na kuagwa. Wengine hurudi wakikohoa damu, kwa kuwa saratani hiyo hupenda kwenda kwenye mapafu, nasi tukawapeleka kupimwa makohozi. Inaweza kuja hata baada ya uzazi wa kawaida. Kukata kinyama kwenye uvimbe wake ni hatari kwa sababu huvuja damu nyingi. Hutambuliwa kwa kipimo cha homoni. Nasisitiza habari hii kwa sababu inaumiza kuliko zote: tangu mwaka 1956, madaktari wa Marekani walipompa mgonjwa wa saratani hii dawa ya methotreksati na akapona, imejulikana kuwa hata ikiwa imesambaa inatibika kwa dawa, na walio wengi hupona na kuzaa tena. Wanaoipata ni wanawake vijana wenye watoto wadogo. Kufa kwa saratani inayopona kwa dawa ya zamani kiasi hicho ni kufa kwa kukosa mtu wa kuitambua.

Ndiyo maana naandika kuhusu wataalamu. Kwa muda mrefu neno bingwa limetutosha. Daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi amesoma udaktari miaka mitano, akafanya mafunzo kwa vitendo mwaka mmoja, akarudi darasani miaka mitatu au minne, na nchi hii inamhitaji kila siku kwa ajili ya uzazi pingamizi, kifafa cha mimba, fistula na fibroidi. Bingwa bobezi wa saratani za wanawake huanzia pale mwenzake alipoishia, akaongeza miaka miwili au zaidi ya kujifunza upasuaji mkubwa wa nyonga, tezi za limfu, matumbo na mirija ya mkojo, matumizi ya dawa za saratani, na zaidi ya yote kupima nani apasuliwe na nani asiguswe na kisu. Hilo la mwisho ndilo alilolikosa mdogo wangu. Katika saratani ya mlango wa kizazi, bobezi humchunguza mgonjwa kwa mikono, kwa kinyama na kwa picha, akaipanga hatua ya ugonjwa kwa vipimo vya shirikisho la kimataifa la madaktari wa magonjwa ya wanawake na uzazi, FIGO, kuanzia ya kwanza hadi ya nne, kabla ya kutamka neno upasuaji. Katika saratani ya ovari, imeonekana katika tafiti za nchi mbalimbali kwamba wagonjwa wanaopasuliwa na mabingwa bobezi hupata upasuaji uliokamilika zaidi na huishi muda mrefu zaidi.

Elimu hiyo pia haisimami. Mwaka 2018 matokeo ya utafiti mkubwa wa kimataifa yalionyesha kwamba wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi ya hatua za mwanzo waliofanyiwa upasuaji mkubwa kwa matundu madogo, njia iliyokuwa ikisifiwa kuwa ya kisasa, walirudiwa na ugonjwa na kufariki zaidi kuliko waliofunguliwa tumbo kwa njia ya zamani. Mabingwa bobezi walibadilisha mwenendo wao. Asiyekuwa katika fani hiyo angejuaje?

Bobezi hawezi kufanya kazi peke yake. Anahitaji bingwa wa patholojia wa kumsomea kinyama, bingwa wa mionzi, mfamasia anayejua kuchanganya dawa za saratani, muuguzi wa saratani, na watu wa tiba shufaa wenye mofini ya maji, dawa ya kutuliza maumivu makali, kwa wale ambao ugonjwa umewashinda. Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996 katika majengo ya hospitali ya tangu enzi za Wajerumani, imebeba mzigo huo kwa miaka mingi, na wauguzi wake nimewaona wakifanya kazi kwa moyo ambao sina maneno ya kuueleza. Hospitali ya Bugando, Mwanza, nayo imewapunguzia safari watu wa Kanda ya Ziwa. Wanawake niliowasindikiza mimi kutoka Rukwa walikuwa wakisafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam, wakakae huko wiki zote za matibabu, kwa kuwa mionzi hutolewa siku tano za juma kwa wiki tano au zaidi, na tiba yote inatakiwa ikamilike ndani ya wiki nane ili iwe na nguvu yake. Nimewajua waliokatisha na kurudi nyumbani kwa sababu nauli na pesa ya chumba vimekwisha, au mahindi yalikuwa yanaozea shambani na hakuna wa kuvuna. Nimewajua pia waliofika wakiwa na upungufu mkubwa wa damu, au figo zimeziba kwa sababu uvimbe umebana mirija ya mkojo, wakashindwa kupewa sisiplatini. Mambo hayo mawili yalikuwa yanapimika wilayani kabla ya safari.

Waheshimiwa, ninachoomba kwanza ni waraka wa wizara zote mbili, kwa sababu hospitali za halmashauri ziko chini ya TAMISEMI na za rufaa ziko chini ya Wizara ya Afya, na mgonjwa hupita katikati ya mamlaka hizo mbili bila kujua mpaka uko wapi. Waraka huo useme kwamba mwanamke yeyote anayetokwa damu isiyo ya kawaida hatatolewa kizazi, isipokuwa kwa dharura ya kuokoa maisha, mpaka mlango wa kizazi umeangaliwa kwa spekulamu na matokeo yameandikwa katika faili. Kwamba palipo na shaka kinyama kitachukuliwa na jibu litasubiriwa. Kwamba uvimbe wa ovari wenye dalili za hatari hautaguswa kabla ya kuzungumza na bingwa bobezi kwa simu au kwa video. Na kwamba kila kizazi na kila ovari iliyotolewa itapelekwa maabara ya patholojia. Kanuni hiyo izihusu pia kambi za madaktari bingwa zinazozunguka katika halmashauri tangu mwaka 2024. Kambi hizo zimewafikia wanawake wengi ambao hawakuwahi kumwona bingwa, na kwa sababu hukaa siku chache, ni muhimu zaidi kwamba bingwa anapoondoka aache mfumo wa kulipokea jibu la maabara na mtu wa kumtafuta mwenye jibu hilo.

Kuhusu maabara naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu hapa ndipo maagizo mazuri hufia. Nimeona ndugu wakikabidhiwa kizazi ndani ya kopo, wakaambiwa wakipeleke wenyewe kwa basi hadi mji mkubwa na kulipia kipimo wenyewe. Baadhi hawakuwa na pesa. Baadhi hawakuwa wameelezwa ni cha nini, wakakizika. Hata kopo lenyewe halikuwa na fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ya kutosha, na nyama iliyooza haisomeki. Nchi hii ina utaratibu wa kusafirisha makohozi ya kifua kikuu na damu za wanaoishi na VVU kutoka vituo vya mbali hadi maabara, na majibu hurudi. Utaratibu uleule ubebe vinyama. Gharama ya kipimo isidaiwe kwa mgonjwa aliyelala wodini. Na kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, naomba kipimo cha patholojia, kipimo cha homoni kwa aliyesafishwa mimba zabibu, na nauli ya rufaa ya saratani vitajwe waziwazi katika kitita cha msingi, kwa majina yao, ili mhasibu wa hospitali asipate nafasi ya kubishana.

Ombi la pili ni mafunzo. Majirani zetu wa Kenya, katika Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret, walishirikiana na Chuo Kikuu cha Toronto wakaanza kufundisha mabingwa bobezi wa saratani za wanawake katika mazingira yao wenyewe, juu ya wagonjwa wao wenyewe. Sisi tuna ufadhili wa Samia kwa wanaosomea ubingwa na ubingwa bobezi. Naomba idadi inayojulikana ya nafasi hizo itengwe kwa saratani za wanawake kila mwaka, pamoja na nafasi za patholojia na za wauguzi wa saratani, na kila anayesomeshwa ajue tangu mwanzo ni kanda gani atakayorudi kuitumikia: Nyanda za Juu Kusini, Magharibi, Kusini, Kati, na kwingineko ambako mwanamke husafiri siku nzima au zaidi kumfuata mtaalamu. Wakati hao wanasoma, kikao cha kila wiki cha wataalamu wa Ocean Road na hospitali za kanda kwa njia ya video, ambamo daktari wa Sumbawanga au wa Kigoma anamweleza mgonjwa wake na kupewa mwelekeo, kingeweza kuanza mapema kwa kutumia simu ambazo madaktari hao tayari wanazo mfukoni.

La uchunguzi wa awali nalitaja kwa ufupi, maana linajulikana. Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 wanawake 70 katika kila 100 wawe wamepimwa kwa kipimo cha uhakika kufikia umri wa miaka 35, na tena kufikia miaka 45. Siki tuliyoitumia kuupaka mlango wa kizazi, ili sehemu zenye dalili zigeuke nyeupe, imeokoa maisha, nami nimeipaka kwa mikono yangu, lakini inategemea sana jicho la anayeangalia. Mashine za GeneXpert zinazopima kifua kikuu zina uwezo wa kupima kirusi cha HPV zikipewa katriji yake, yaani kikasha cha kipimo hicho, na mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe chooni, bila kumvulia nguo mtu asiyemjua. Kwa wale wanaokimbia kliniki kwa aibu, hilo peke yake lingebadilisha mengi. Kupima kuendane na kutibu, kwa sababu mwanamke aliyeambiwa ana kirusi na kisha akaambiwa arudi mwezi ujao mashine ya kuchoma sehemu zilizoanza kubadilika ikiwa imepatikana, mara nyingi harudi.

Ninalo faili la mdogo wangu. Nililiomba kwa mumewe baada ya mazishi, na sikulirudisha. Ukurasa wa upasuaji una mistari minne kwa mwandiko mzuri, na chini yake kuna sehemu iliyochapishwa kwa ajili ya kuandika sampuli iliyopelekwa maabara, tarehe na jina la aliyeipokea. Sehemu hiyo iko wazi. Ofisa yeyote wa wizara zenu atakayepewa kazi ya kuandaa waraka ninaouomba anakaribishwa kuja kuliona, au nitampelekea nakala nikiwa nimefunika majina ya watu na ya hospitali, ili aone fomu yetu ya sasa ilivyo na mahali inapohitaji kubadilishwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mkunga mstaafu,
Sumbawanga